Kichocho cha tumbo hakimsubiri mtoto aanze shule

Wakubwa hupewa dawa shuleni. Wadogo zao, wanaoogeshwa kwa maji yale yale ya ziwa, wamekuwa wakisahaulika kwa miaka mingi. Tafiti zilizofanyika kandoni mwa ziwa letu zinaonyesha kwa nini hilo lilikuwa kosa.

Ukishuka mwalo wa Nyamukazi mjini Bukoba, au Kemondo, au Katunguru kule Muleba, mchana wa jua kali, kuna picha ambayo huwezi kuikosa. Mama amesimama majini hadi magotini, anafua. Nyuma yake, mchangani, kuna beseni la plastiki lililojaa maji ya ziwa. Ndani ya beseni ameketi mtoto ambaye hata mwaka wa pili hajaumaliza, anapiga maji kwa viganja na kucheka. Hatua chache kutoka hapo kaka yake wa darasa la pili anapiga mbizi na wenzake kati ya mitumbwi.

Ukiuliza ni yupi kati ya hao wawili aliye hatarini, karibu kila mtu atakuonyesha yule anayepiga mbizi. Na kwa habari ya kuzama atakuwa sahihi. Lakini kwa habari ya kichocho, wote wawili wamo ndani ya maji yale yale. Tofauti yao ni kwamba yule mkubwa, siku ya kugawa dawa ikifika, atapangwa mstari shuleni na kumeza vidonge vyake. Huyu wa kwenye beseni hana mstari wa kupangwa.

Makala hii inamhusu huyo wa kwenye beseni.

Hakojoi damu, lakini anacho

Tukisikia neno kichocho, wengi wetu tunafikiria kukojoa damu. Ndivyo tulivyosoma darasani, na ni kweli kwa kichocho cha mkojo, ambacho Zanzibar wanakijua vizuri, pamoja na mikoa ya bara yenye malambo, vidimbwi na majaruba ya mpunga. Kinachotawala kandoni mwa Ziwa Victoria ni kingine. Kinaitwa kichocho cha tumbo. Mnyoo wake hukaa ndani ya mishipa midogo ya damu inayozunguka utumbo, na mayai yake hutoka na choo kikubwa, si mkojo.

Kwa hiyo mtoto wa Bumbire, Ikuza, Goziba au wa kijiji chochote kilichoshika ufuko anaweza kukaa na kichocho miaka mitatu bila tone la damu kuonekana kwenye mkojo wake. Mzazi anayesubiri kuona mkojo mwekundu atasubiri sana.

Dalili zake zenyewe hazina makelele. Tumbo linauma kisha linaacha. Mtoto anaharisha siku mbili, anapona, wiki ijayo anaharisha tena. Wakati mwingine kuna damu kidogo kwenye choo. Anachoka upesi, damu inapungua, haongezeki uzito wala kimo kama wenzake. Ni mzazi gani wa Kagera ambaye hajaona hayo na kusema ni malaria, au minyoo ya kawaida, au meno yanaota? Na wapo watoto ambao kwa muda mrefu hawaonyeshi chochote kabisa.

Tumbo likishaanza kujaa upande wa kushoto, majirani husema mtoto ana bandama. Hawajakosea, bandama imevimba kweli. Ila bandama haivimbi yenyewe. Malaria ya mara kwa mara huivimbisha, na kichocho kilichokaa muda mrefu huivimbisha pia. Wilaya kama Muleba, ambayo watafiti wa malaria kutoka ndani na nje ya nchi wameijua kwa miaka mingi, inakaa na vyote viwili. Kumtibu mtoto malaria mara tano kwa mwaka bila kuwahi kupima choo chake ni kufuata njia moja tu kwenye njia panda.

Mlango ni ngozi

Safari ya mnyoo huyu inahitaji vitu vitatu: choo cha mtu mwenye ugonjwa, maji, na konokono.

Mtu mwenye minyoo anajisaidia ziwani, au kwenye majani ya kandoni na mvua inamalizia kazi. Mayai yakifika majini yanaanguliwa, na vijidudu vinavyotoka humo vinamtafuta konokono mdogo wa maji, mwenye gamba bapa lililojikunja kama kamba iliyoviringwa. Ukimwona kwenye magugu huwezi hata kumjali. Ndani ya mwili wake vijidudu hivyo huzaana kwa muda wa wiki nne hadi sita hivi, kisha konokono anaanza kuachia majini vijidudu vingine, maelfu kwa maelfu, kila kimoja na mkia wake. Havionekani kwa macho. Hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, yaani saa zile zile ambazo sisi tunafua, tunaoga na kuwaacha watoto wacheze.

Vikiigusa ngozi vinapenya ndani ya dakika chache na mkia unaachwa nje. Haviumi. Baadhi ya watu huwashwa kidogo, wengi hawahisi kitu. Kutoka hapo huingia kwenye damu, hupitia mapafu, hukomaa kwenye ini, na dume na jike wakishashikana huhamia kwenye mishipa ya utumbo kuanza maisha. Jike hutaga mamia ya mayai kila siku, na jozi moja inaweza kuishi miaka kadhaa ndani ya mtu.

Hapa naomba usimame kidogo, mzazi mwenzangu, maana hapa ndipo tunapopitwa. Elimu ya kuchemsha maji ya kunywa imefika karibu kila nyumba. Hata kisiwani utakuta dumu limetengwa, limefunikwa, watoto wanajua kwamba hayo ndiyo ya kunywa. Ni jambo jema, linazuia kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Lakini maji ya kuogea hayachemshwi na mtu, na kichocho hupita zaidi kwenye ngozi. Inawezekana kabisa kumnywesha mtoto maji yaliyochemka asubuhi, na kumpa kichocho jioni kwenye beseni.

Kinachofuata baadaye

Mnyoo wenyewe si mbaya sana kwa mwili. Kinacholeta madhara ni mayai. Karibu nusu ya mayai hutoka na choo, nusu nyingine hukwama njiani, mengine kwenye ukuta wa utumbo, mengine yanasombwa na damu hadi kwenye ini. Mwili hulizunguka kila yai na kujenga kovu. Yai moja, kovu moja. Mtoto anayeingia majini kila siku kwa miaka kumi anajenga makovu mengi.

Makovu hayo hubana mishipa inayoingiza kwenye ini damu inayotoka utumboni. Damu ikikosa barabara hutafuta vichochoro. Bandama inajaa. Tumbo linaweza kujaa maji. Na mishipa midogo ya sehemu ya chini ya umio, njia ile ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, inalazimika kupitisha damu ambayo haikuumbwa kuipitisha. Inatanuka, inakuwa laini, na siku moja, bila taarifa, inapasuka. Mtu anatapika damu nyingi, nyekundu, nyumba nzima inapiga yowe.

Mtaani maelezo huwa mawili: ana vidonda vya tumbo, au ametupiwa kitu. Madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, ambako wagonjwa wengi wa Kagera hupewa rufaa, waliamua kulichunguza jambo hilo. Waliwafuatilia wagonjwa 124 waliolazwa kwa kutapika damu, wakawapima kwa kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2014. Chanzo kilichoongoza hakikuwa vidonda vya tumbo. Kilikuwa ni hiyo mishipa ya umio iliyotanuka, na wagonjwa wengi walikutwa na kichocho. Baadhi yao walifariki katika kipindi cha miezi miwili ya kufuatiliwa.

Sisemi kwamba kila anayetapika damu ana kichocho. Pombe ya miaka mingi na homa ya ini huweza kufikisha mtu hapo hapo, na vidonda vya tumbo navyo hutoa damu. Anayetapika damu apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, mengine yatajulikana huko. Ninachosema ni kwamba mtu mzima wa miaka 35 anayefika Bugando katika hali hiyo kwa sababu ya kichocho hakuugua wiki iliyopita. Aliyaanza makovu yake akiwa mtoto, pengine kabla hajajua kusoma jina lake.

Wadogo walivyosahaulika

Tanzania hutajwa kuwa ya pili Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa watu wenye kichocho. Katikati ya miaka ya 2000 nchi ilianza mpango mkubwa wa kugawa dawa mashuleni, na waliokuwa shule ya msingi miaka hiyo wanakumbuka. Mimi ni mmojawapo. Tulipangwa mstari, tukasimamishwa kwenye mti wenye alama za rangi, na mwalimu akasoma idadi ya vidonge kwa kimo cha mtu, si kwa mizani. Vidonge ni vikubwa, na uchungu wake hausemeki. Wapo waliovificha chini ya ulimi na kwenda kuvitema nyuma ya darasa. Sitataja nani.

Dawa hiyo ni prazikwanteli, kwenye pakiti utasoma Praziquantel. Ilianza kutumika kwa binadamu mwishoni mwa miaka ya 1970, na hadi leo ndiyo tegemeo la dunia nzima. Kampuni ya Merck ya Ujerumani huitoa kama msaada kupitia Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2007, na msaada huo ulilenga hasa watoto wa umri wa shule. Shuleni ndiko watoto walikokusanyika, ndiko walikoonekana wanaugua zaidi, na mwalimu yupo wa kusimamia.

Mtoto wa chini ya miaka mitano akabaki nje. Hakukuwa na vipimo vya kutosha kuonyesha dozi yake ni ipi. Kidonge kikubwa cha miligramu 600 kinaweza kumpalia. Na kulikuwa na dhana ambayo ilionekana ina mantiki: mtoto mchanga haogelei, kichocho atakipatia wapi?

Jirani zetu wa Uganda ndio waliotoa jibu. Kuanzia mwaka 2009, watafiti wa Wizara ya Afya ya Uganda pamoja na wenzao wa Uingereza, akiwemo Profesa Russell Stothard wa chuo cha tiba za kitropiki cha Liverpool, walikwenda kwenye vijiji vya wavuvi vya Ziwa Albert na Ziwa Victoria. Hawakwenda shuleni. Waliwatafuta kina mama na watoto wao, kuanzia wa miezi michache hadi wasiofika miaka mitano, wakawapima na kuwafuatilia. Walikuta watoto wenye kichocho kabla hata ya kuachishwa ziwa la mama, na kadiri umri ulivyosogea ndivyo idadi ilivyopanda. Wengi wao hawakuwa wameingia ziwani kwa miguu yao. Waliletewa ziwa nyumbani, kwenye ndoo na beseni.

Utafiti huo na mingine iliyofanana nao ilionyesha pia kwamba prazikwanteli ikisagwa na kupimwa vizuri ni salama kwa wadogo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: maeneo yenye kichocho yatoe dawa kuanzia umri wa miaka miwili na kuendelea, watu wazima wakiwemo, wajawazito pia baada ya miezi mitatu ya kwanza. Walio chini ya miaka miwili watibiwe mmoja mmoja, kwa uamuzi wa mtabibu.

Mwongozo ni karatasi. Bado kulikuwa na lile tatizo la kidonge.

Nusu inayotibu na nusu chungu

Prazikwanteli ya kawaida, kwa maelezo ya wanakemia, ni mchanganyiko wa vitu viwili vinavyofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Mmoja ndio unaoua minyoo. Wa pili haufanyi kazi hiyo, lakini sehemu kubwa ya uchungu inatoka kwake. Kila mtoto aliyewahi kumeza kidonge kile alikuwa amebeba mzigo wa nusu isiyomsaidia.

Mwaka 2012 Merck, taasisi za utafiti za Ulaya na Afrika pamoja na washirika wengine waliungana kutengeneza dawa ya watoto wadogo kwa kutumia ile nusu inayofanya kazi tu. Jina lake ni arprazikwanteli. Ni kidonge kidogo cha miligramu 150, kinayeyuka kwenye maji, hakina uchungu wa kile cha zamani, na kinavumilia joto letu bila friji. Kimekusudiwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita.

Majaribio yake ya mwisho yalifanyika nchi mbili, Ivory Coast na Kenya. Kwa Kenya ilikuwa Homa Bay, ng'ambo ya ziwa hili hili, chini ya taasisi ya utafiti wa tiba ya nchi hiyo, KEMRI. Watoto 288 walishiriki. Karibu tisa kati ya kumi walipona, na madhara yaliyoonekana yalikuwa madogo na ya kupita. Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuikubali, Mei 2024 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa zilizothibitishwa ubora, na mwaka 2025 watoto wa Uganda wakaanza kuipata kwa awamu ya majaribio ya ugawaji. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizomo kwenye mpango huo wa kuifikisha kwa jamii.

Imechukua zaidi ya miaka 40 tangu mtu mzima apate dawa hadi mdogo wake apate ya kwake. Huo ndio ukweli wa dawa za watoto wa maskini, na sioni sababu ya kuupamba.

Kwa nini kidonge pekee hakimalizi

Kuna utafiti mwingine ambao kila kiongozi wa kijiji cha ufukweni angeujua. Katika muongo uliopita, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kituo cha Mwanza, iliingia kwenye mradi mkubwa wa kimataifa na kufuatilia vijiji 150 vya mkoa wa Mwanza vilivyo karibu na ziwa. Vingine vilipewa dawa kila mwaka, vingine kwa kurukaruka, vingine shuleni tu, vingine jamii nzima. Baada ya miaka kadhaa ugonjwa ulishuka kwa jumla. Lakini Mwanza na Kenya magharibi, ambako mradi huo pia ulifanyika, vilikuwepo vijiji vilivyogoma. Dawa ilifika, watu wakameza, na kichocho kikabaki juu.

Si ajabu. Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, haigusi sana ile michanga iliyoingia majuzi. Na haimkingi mtu: aliyemeza Jumatatu akaingia majini Jumanne ameanza upya.

Zanzibar walijaribu kwenda mbali zaidi kati ya 2011 na 2017, katika shehia 90 za Unguja na Pemba. Dawa mara mbili kwa mwaka kwa jamii, na katika baadhi ya shehia wakaongeza kuua konokono kwenye vijito na madimbwi, kwingine elimu ya tabia. Kichocho cha mkojo kilishuka sana, ingawa hakikuisha. Lakini kidimbwi cha Pemba unaweza kukizunguka kwa miguu na bomba la dawa mgongoni. Ziwa lenye karibu kilometa za mraba 69,000 utalitia dawa wapi, ulianzie mwalo gani? Kwetu huku kazi inabaki kwenye vyoo na kwenye beseni.

Vyoo ni neno gumu visiwani. Ardhi ni mwamba, nyumba za wavuvi ni za msimu, na mwenye nyumba hataki kuchimbia mpangaji atakayehama dagaa wakihama. Ni jambo la halmashauri na viongozi wa mialo, mzazi mmoja halimalizi. Beseni analiweza.

Maji yalale siku mbili

Vijidudu vikishatoka kwa konokono havina muda mrefu wa kuishi. Visipompata mtu, hufa ndani ya saa 48 hivi. Maana yake ni rahisi: maji ya ziwa yaliyotekwa Jumatatu asubuhi, yakakaa kwenye chombo kisicho na konokono wala magugu, Jumatano jioni hayawezi tena kumpa mtoto kichocho.

Kwa nyumba yenye vyombo, panga zamu. Pipa la leo halichanganywi na la juzi, kwa sababu ndoo moja ya maji mapya inarudisha saa nyuma. Weka alama, hata ya mkaa, kwenye chombo kinachosubiri. Funika, mbu wasizalie humo, tusije tukakwepa kichocho na kukaribisha malaria. Maji hayo hayajawa salama kwa kunywa, ya kunywa yachemshwe kama kawaida.

Kwa nyumba isiyo na vyombo vya kutosha, chemsha ya mtoto peke yake. Mtoto wa mwaka mmoja anaogeshwa kwa lita chache. Yachemke hasa, kisha yapoe yafikie joto la mwili. Najua kuni na mkaa vina bei, na najua kisiwani kuni huja kwa mtumbwi. Ndiyo maana nasema ya mtoto, sikusema ya nyumba nzima. Maji ya mvua, ya kisima kirefu au ya bomba hayana shida hii. Walioko juu Kamachumu wanaoteka kwenye chemchemi iliyojengewa hatari yao ni ndogo, ila watoto wakishuka likizo kwa bibi anayekaa ufukweni, hadithi inabadilika.

Kuna mambo ambayo watu huyatumaini kupita kiasi. Kuchuja kwa kitambaa hakutoshi. Kumfuta mtoto haraka kwa taulo baada ya kutoka majini kunaweza kusaidia kidogo, lakini si kinga ya kuitegemea. Kuteka alfajiri kabla jua halijapanda kunapunguza idadi ya vijidudu, hakuviondoi. Na anayeteka, mara nyingi binti wa miaka kumi hivi, husimama majini ili ndoo ijae vizuri. Huyo naye amekwisha kuguswa, hata kama maji aliyoyaleta yatalala.

Ukifika kituoni

Mzazi anayekaa karibu na ziwa, mwenye mtoto anayeumwa tumbo mara kwa mara, anayeharisha na kuacha, mwenye damu kwenye choo au tumbo lililojaa, ana haki ya kumwambia mhudumu waziwazi: tunatumia maji ya ziwa, naomba apimwe kichocho cha tumbo. Usisubiri uulizwe. Kwenye foleni ndefu ya homa, swali hilo halitokei lenyewe.

Kipimo cha kawaida ni choo kikubwa kinachotazamwa kwa hadubini. Mayai hayatoki sawa kila siku, kwa hiyo jibu moja la kwamba hakuna kitu halijafunga kesi, hasa dalili zikiendelea. Kurudia kwa choo cha siku nyingine si usumbufu. Kipo pia kipimo cha haraka kinachotumia matone ya mkojo, ambacho hutafuta alama zinazoachwa na minyoo iliyo hai. Wazazi wengine hushangaa ugonjwa wa utumbo kutafutwa kwenye mkojo, lakini kwa kichocho hiki ndivyo kinavyofanya kazi. Maambukizi mapya kabisa hayaonekani kwenye choo hadi wiki tano au zaidi zipite, minyoo ikomae kwanza.

Dozi ya prazikwanteli hufuata uzito, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, na humezwa mara moja baada ya chakula. Ndizi zikishaiva, mtoto ale kwanza, waitu. Dawa hii kwenye tumbo tupu humsumbua mtu. Baada ya kumeza, tumbo linaweza kunyonga, kichefuchefu na kizunguzungu vikaja, wengine hutoa damu kidogo kwenye choo. Kwa kawaida hupita ndani ya siku moja, na mara nyingi ni ishara kwamba minyoo inakufa. Hapo ndipo uvumi huzaliwa kwamba dawa ya shule inaua watoto, na mwaka unaofuata nusu ya darasa haiji. Lakini mtoto akizidiwa, arudishwe kituoni mara moja.

Usimnunulie mdogo kidonge dukani ukakivunja kwa makadirio. Uzito wa mtoto wa miaka miwili haukadiriwi kwa jicho, na kipande kikavu kinaweza kumpalia. Mhudumu ndiye atakayekisaga na kukichanganya, na atajua kama hali ya mtoto inaruhusu.

Mtoto mmoja akikutwa nacho, tuseme yule wa kwenye beseni, basi aliyekuwa amesimama majini anafua anacho pia, au yu karibu kukipata. Na baba mvuvi, ambaye hushusha na kupandisha mtumbwi kila siku maji yakimfika kiunoni, ndiye mara nyingi asiyepimwa kamwe. Mwombeni mhudumu awaangalie wote kwa pamoja.

Kabla hamjaondoka, uliza kama dawa ya kuyeyusha ya watoto wadogo imeshafika kituoni hapo au katika wilaya yenu. Kama bado, na mtoto ametimiza miaka miwili, uliza kuhusu prazikwanteli iliyosagwa. Kama ni mdogo zaidi, mtabibu amwone. Nenda na kadi ya kliniki, uzito wake wa mwisho umeandikwa humo.